Maandishi ya Penseli ya Mwalimu Nathanaël

Mwalimu Nathanaël wa kijiji cha Miti hakuwahi kusoma bila penseli mkononi. Habari za nyumba yake aliziandika pembeni mwa kurasa za kitabu alichokuwa nacho siku hiyo: mvua ya mawe imepiga maharagwe, mkwe amefika, Marcelline ametembea hatua nne. Vita vilipoikimbiza familia, picha zote zilipotea. Vitabu thelathini na kimoja vilibaki ndani ya gunia chini ya kitanda cha jirani, vikapona.

Mzee alipozikwa, mwanawe Willy, kaka yake Marcelline, alivipeleka vyote kwenye shule moja ya mtaa wa Kadutu, mjini, bila kumuuliza mtu.

"Jina ya papa itabakia pale," alimwambia dada yake kuhusu baba yao. "Ama ulitaka panya ikule?"

Marcelline ni muuguzi, na siku yake ya kupumzika ni Alhamisi. Alhamisi ya kwanza alikwenda kuviona, akaambiwa vitabu vimo kabatini, ila ufunguo anao prefe, mkuu wa shule. Ya pili, prefe alikuwa mkutanoni. Ya tatu alikuwepo, lakini alitaka barua. Akaandika. Ya tano barua ilikuwa haionekani. Akaandika nyingine palepale juu ya goti, akiikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

"Kwani wanafunzi hawasomake hivi vitabu?" alimuuliza prefe.

"Hapana, maman. Watachafua."

Alhamisi ya saba kabati lilifunguliwa. Vitabu vilikuwa vimevaa majalada mapya ya kijani. Alichomoa kimoja, akakifungua. Nafasi za pembeni mwa kurasa zilikuwa nyembamba kama ukucha.

"Zilikuwa zimechakaa," prefe alieleza, na ilionekana anajivunia kazi hiyo. "Fundi alikata pande zote na mashini, ilingane."

"Na maandiko ya papa?"

"Ile ya penseli? Si ilikuwa inachafua kitabu, maman?"

Alivipitia vyote, kimoja kimoja. Katika cha kumi na nne alikuta: *Mama Marcelline leo ameni*. Mengine yalikwenda na mashine. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano. Aliomba akichukue kitabu hicho kimoja tu, akajibiwa kina muhuri wa shule.

Alimpigia Willy simu akiwa bado getini.

"Ulifungua hata kimoja mbele ya kuvitoa?"

"Mimi niliona bitabu tu," Willy akasema.

Siku hizi, kila Alhamisi, Marcelline huketi shuleni kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga ubao, akinakili vipande vilivyosalia. Amefika kitabu cha tisa. Neno likikatika, huacha nafasi wazi. Kinachomkera zaidi ni kwamba kichwa chake hakikubali nafasi hizo. Huzijaza chenyewe, na sasa kuna siku ambapo hajui kama anamkumbuka mama yake au amemtunga.