Sura Kumi na Moja Chini ya Picha ya Guide

Sijui kama nina haki ya kuandika hii, maana kosa lilianza kwangu. Nilikuwa nauza tiketi za treni kwenye gishe, dirishani pa gare ya Kamina, na kwa kuwa nilifika mwaka wa tatu wa sekondari, shefu wa gare, mkubwa wetu, aliniona mtu wa vitabu.

Siku moja mfuko wa barua ulileta karatasi kubwa iliyokunjwa, bila maelezo. Ilikuwa na sura kumi na moja, wanaume tisa na wanawake wawili, na maandishi ya lugha nisiyoijua. Neno moja tu nililitambua: *international*.

"Njo banani hawa?" shefu akaniuliza.

Ningesema sijui. Nikasema, "Papa shefu, hawa ni wakubwa wa kimataifa. Pengine marafiki wa Chama."

"Pengine" nililisema, nakumbuka. Ila kwa sauti ndogo.

Shefu akaibandika chini ya picha ya Guide, yaani Rais wetu, akaipangusa vumbi. Wakati ule, kila asubuhi kabla ya kazi tulifanya animasio: kuimba na kucheza kumsifu Guide, na asiyepiga makofi alijitafutia shida. Mama aliyetuongoza, mke wa makanika wa reli, hakuweza kuacha wageni bila sifa. Akawatungia wimbo. Mmoja wao, mwenye masharubu, alitungiwa ubeti mzima.

"Muangalie vile amekonda," alituambia. "Huyu bibi yake anamupikia nini?"

Juma lile lile kolonel mmoja wa Base, kambi ya jeshi, alikuja kupanda treni, akatukuta katikati ya wimbo. Akasimama wima, akapiga makofi, hata kiuno akakitikisa. Nimpe haki yake: alicheza vizuri kuliko sisi. Wimbo ulipoisha akasogea ukutani. Alikuwa amesomea uaskari nje, lugha ile aliijua.

"Shefu! Hawa ni bateroristi! Wakubwa na wafuasi wao. Banateka ndege, banatega mabomu nchi kwa nchi. Dunia nzima inabatafuta, na weye unabaimbia chini ya Guide?"

Shefu alibakiza miezi mitatu astaafu apate pansion. Kwa kosa kama lile mtu alipoteza kazi, nyumba ya reli, na pengine alilala kashoni, mahabusu.

"Nani alikuambia ni bantu ba kuimbiwa?" kolonel akauliza.

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Nikaanza kunyoosha tiketi zilizokuwa zimenyooka. Shefu hakugeuza hata jicho upande wangu.

"Ni miye mwenyewe, mon colonel."

Hapo mama wa animasio akajipangusa jasho. "Basi, mon colonel, tuandike ripoti ya kweli. Nani aliimba. Nani alipiga makofi. Nani alitikisa kiuno mbele ya huyu wa masharubu."

Kolonel akamtazama mama, akaitazama picha ya Guide kama anayeomba ruhusa, kisha kicheko kikamtoka puani.

"Toa hiyo karatasi. Bandika kule kwa mizigo. Miye nilifika animasio imekwisha."

Treni ilipoondoka nilimfuata shefu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, kwa Kifaransa hata. Hakunipa nafasi. Alinipa pembe moja ya karatasi nishike, yeye akaanza kubandua nyingine.

"Polepole," akasema. "Isipasuke. Hawa bantu banatafutwa."