Nusu ya Pili ya Somo

Habari za kifo cha kinyozi zilimkuta binti yake darasani, kwenye dawati la nyuma, katikati ya watoto wanaomwita dada. Mwalimu alipomgusa bega alijua kabla ya kuambiwa. Akafunika kalamu, akasema, "Baba ni wa Mungu," ndipo akalia.

Dawati lenyewe lilikuwa na kisa chake.

Marehemu alikuwa mtu wa ibada, mwenye mkono mwepesi na masikio mepesi zaidi. Siku moja, akimnyoa mhadhiri wa elimu ya wanyama, alisikia kwamba mzazi mwenye nguvu humlisha zaidi dume, maana dume imara huacha uzao mwingi, na jike hawezi kuzaa zaidi ya uwezo wa tumbo lake. Nywele zikaisha, mhadhiri akaenda zake. Jioni kinyozi akatangaza nyumbani: mvulana aendelee na shule, msichana akafagie nywele dukani.

"Ni sayansi, mama watoto. Huyu ataueneza ukoo."

"Ukoo? Huyo hata shuka lake kulitandika hajui!"

Binti akafagia. Magazeti ya kufutia vioo aliyasoma kwanza, na kila sala aliomba jambo moja: kurudi shule.

Mhadhiri alihamishwa, na aliporudi kitini miaka miwili baadaye, kinyozi alimshukuru kwa lile somo. Mhadhiri akacheka.

"Mzee, hukusikia mwisho wake! Mzazi dhaifu humpendelea jike. Dume dhaifu hukosa mwenza, jike hakosi."

Mashine ikazimwa. "Dhaifu kama nani?"

Mhadhiri akatazama dari linalovuja, akageuza maneno kwa adabu. "Tena hao ni swala, mzee. Wewe una akili."

"Si ungesema tangu mwanzo!" Akamwacha na nusu ya kichwa, akamgeukia binti. "Weka ufagio, mama. Sayansi imebadilika."

Kosa hakulikubali hadi kufa. Alisema wataalamu ndio waliochelewa.

Msibani, baba mdogo alinong'ona kwamba duka linataka mtu, shule ya binti ingoje.

"Mashine nipeni mimi," akasema kaka mtu, lile dume la ukoo. "Vitabu na mimi hatupatani. Dada asome."

Alasiri wakamzika. Walimwombea, wakamshusha taratibu. Binti akatupia udongo wake, akasema, "Asante, baba," akarudi nyuma kuwapisha wengine.