Shahidi wa Bi Tupa

Ukitaka kumuudhi sonara yule, mwambie kitu kinatosha hivihivi. Kwake hakuna kinachotosha mpaka kipigwe tupa. Pete aliipiga tupa, kipini alikipiga tupa, na maneno ya watu aliyapiga tupa vilevile mpaka yakalainika. Ndipo mji ukamwita Bi Tupa, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti. Miaka thelathini na minane amekaa kwenye benchi, ngozi ya mbuzi mapajani idake unga wa dhahabu usipotelee sakafuni, na nasema bila kupepesa macho: mkono kama ule hauzaliwi kila mwaka.

Asubuhi moja aliingia mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye miwani na haraka zake. Alifungua leso, akainua hereni moja ya dhahabu: ua la petali nane, kila petali imezungushiwa ukingo wa waya uliosokotwa, mwembamba kama uzi wa kushonea.

"Ya pili imepotea," alisema. "Zilikuwa za marehemu mama, na binti yangu anaolewa mwisho wa mwezi. Nimezunguka kwa masonara wote, wanasema kazi ya Mzee haiigiki. Wewe utaweza kuiga?"

Mzee aliyetajwa alikuwa mjomba wake Bi Tupa, aliyemfundisha kazi na ambaye sasa ni marehemu. Bi Tupa aliliona ua lile kutoka alipokaa, akalitambua.

"Kuiga?" alisema. "Mwalimu, mtu hajiigi mwenyewe. Hereni hiyo nimeitengeneza mimi."

Mwalimu alicheka kwa adabu, ile adabu inayouma. "Lakini mama, nyuma ina muhuri wa Mzee."

Utakosaje? Kila kilichotoka mlangoni kwa mjomba kilipigwa muhuri wa mjomba, awe amekitengeneza yeye au mpwa wake. Karakana yake, jina lake, na hakuna aliyelalamika. Ila jozi ile ilikuwa kazi ya kwanza Bi Tupa kuachiwa aimalize peke yake, na tangu hapo watu waliisifu mbele yake kwa jina la mwingine. Aliitikia tu, "Ndiyo, Mzee alikuwa fundi," na maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Njia ya mwongo fupi, Bi Tupa," alisema Mwalimu, akaifumba hereni kiganjani. Mwalimu ni mwalimu, alishatunga mtihani. "Thibitisha."

"Mama, achana na hayo, pokea kazi," alinong'ona binti yake, aliyekuwa akisugua mkufu benchi la pili.

Bi Tupa hakumsikiliza. Aligeuka akautazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. "Hesabu petali kuanzia kwenye ndoano, ukienda kulia. Ya tano, pitisha ukucha ukingoni. Nilizidisha moto wakati nalehemu, misokoto mitatu ikayeyuka ikawa bapa. Mjomba hakuona, au aliona akanyamaza. Sijui mpaka leo."

Alipokwisha kusema ndipo jasho lilipomtoka. Jozi ni hereni mbili, na aliyoiunguza ilikuwa moja tu. Mwenzake ilitoka safi kabisa. Je, kama iliyopotea ndiyo yenye kasoro? Ataumbuka mbele ya mteja na mbele ya mwanawe. Miaka yote aliomba kosa lile lisionekane tena, na sasa alikuwa akiomba kwa moyo wote liwe kiganjani mwa Mwalimu. Dunia hii ina vituko.

"Moja," Mwalimu alihesabu nyuma yake. "Mbili. Tatu. Nne."

"Lo! Hapa pamelala." Sauti ilikuwa imebadilika. "Nikiumwa, mama alikuwa ananipakata, nami napapasa hapahapa kwenye hereni yake mpaka napitiwa na usingizi. Nilidhani ndivyo ua lilivyo. Nisamehe, Bi Tupa."

Bi Tupa aligeuka, kifua mbele. Alijivuna waziwazi, na ni nani wa kumlaumu?

Kazi ilichukua siku tisa. Alivuta waya kwenye bamba la matundu, kutoka tundu kubwa hadi dogo, mpaka ukawa kama unywele. Alisokota nyuzi mbili pamoja, akalehemu petali moja baada ya nyingine, binti akipigwa marufuku hata kupiga chafya. Alipofika ya tano, moto ulipita na kila msokoto ukabaki mahali pake.

Mwalimu alipokuja kuchukua, hakujua ipi mpya ipi ya zamani mpaka alipotumia ukucha.

"Turekebishe na ile petali?" aliuliza binti wa Bi Tupa. "Ni kazi ya dakika tano."

"Thubutu!" alifoka Bi Tupa. "Huyo shahidi wangu. Shahidi hapigwi tupa."

Alichukua nyundo, akapiga muhuri wake nyuma ya hereni mpya: mistari mitatu midogo, kama meno ya tupa. Mwalimu akamsogezea na ile ya zamani.

"Piga na hii."

"Hii ina muhuri wa mjomba."

"Nafasi ipo. Tazama."

Siku zote tisa Bi Tupa alikuwa ameona kwamba muhuri ule umekaa pembeni, akadhani nyundo ilimteleza mzee. Lakini mjomba hakuwa mtu wa kuteleza. Maisha yake yote alipiga muhuri katikati kabisa, na kwenye hereni hii peke yake aliusukuma upande mmoja, akaacha upande wa pili mtupu, upana wa muhuri mmoja.

"Kumbe aliniachia nafasi yangu," alisema Bi Tupa, na machozi yakamdondoka kwenye ngozi ya mbuzi, juu ya unga wa dhahabu. Aliyafuta kwa kiwiko, akaweka chuma cha muhuri kando ya alama ya mjomba, akapiga mara moja tu.