Neno Ambalo Mashini Inaliuliza Mbele ya Kuamka

Nyumba za mbao ninazojenga hapa Goma, mutu anazitambua akiwa angali barabarani. Masomo yangu yaliishia shule ya primere, sifichi, lakini lile paa lenye mikunjo miwili juu ya mulango, hakuna aliyelitengeneza kabla yangu. Plani zote ninachora mwenyewe ndani ya ordinatere, kompyuta yangu ya biro. Basi siku nilipopita Lac Vert nikaona paa langu juu ya nyumba ambayo sikuijenga, nilisimamisha pikipiki katikati ya barabara.

Aliyeijenga ni bwana ambaye tulikuwa tukifanya kazi pamoja zamani, na bado alikuwa akiingia biro yangu kama kwake. Nilipomuuliza, alicheka.

"Mashini yako niliiamsha na kle yangu ya USB, hii flashi ndogo, patron. Neno lako la siri halikuniuliza kitu."

Plani za nyumba zingine zilikuwa mulemule, na wateja walikuwa wanazingoja. Nikabeba mashini kwa mama mumoja anayetengeneza ordinatere karibu na soko. Ni mama wa Masisi, mwenye sauti kubwa, tena anajisifu kunipita mimi, na hilo si jambo dogo.

"Papa, wewe mujenzi mzima! Umefunga chumba cha kulala, mulango wa mbele umeacha wazi. Mutu akileta kle yake, mashini inaamkia pale kwenye kle. Wewe haikujui tena."

Akaizima, akaiwasha huku akigonga kitufe kimoja, kikatokea kioo cha bluu ambacho sijawahi kukiona. Kumbe kuna programu ndogo inayoamka mbele ya zote, na ndiyo inayoamua nani aingie! Vidole vyake vilipita mule upesi, bila kutafuta, kama mimi ninavyopita gizani ndani ya nyumba niliyoijenga. Akakataza mashini kuamkia kwenye kle. Akafunga diski pia, hata mutu akiitoa na kuiweka kwenye mashini ingine, isiseme kitu. Nilisahau hata kujisifu.

Akageuza shingo. "Neno la kuwasha uandike wewe. Sitazami. Ila ukilisahau, usinililie. Kwa ile, hata mimi sina dawa."

Nikaandika. Palepale muuza makala ya kupikia akapita nje akanisalimu kwa nguvu: Papa, na jina la mutoto wangu wa kwanza, vile avenue yote inaniita. Nikaitika.

Mama akavuta mashini, akaizima, akaiwasha, akaandika kitu. Ikafunguka.

"Umejuaje?"

"Baba wote wa Goma banaandika jina ile ile! Unafunga nyumba na funguo yenye batu banaita barabarani?"

Nilicheka mpaka nikaketi. Akanirudishia mashini nibadilishe neno, nikafikiria milima ya Masisi, nilipokuwa nikichunga ng'ombe wa baba. Kulikuwa na ndama mumoja niliyempa jina ambalo nilimwita tukiwa wawili tu. Nikaliandika lile. Mama akajaribu la mutoto, ikakataa. Akaweka kle yake mwenyewe, ikakataa. Akapiga makofi kama ndiye aliyezaa mashini.

Siku chache baadaye yule bwana wa Lac Vert akaja kunisalimu. Nikaacha mashini juu ya meza, nikatoka kutazama mbao zilizokuwa zikishushwa. Niliporudi, kioo kilikuwa cheusi, na maandishi ya kukataa katikati.

"Patron, mashini yako imekufa."

"Haijakufa. Iko inakuuliza neno."

"Neno gani? Hata jina ya mutoto wako imeka..."

Akachomoa kle yake upesi. Nikampigia yule mama wa soko simu palepale, nikaweka sauti nje ili bwana naye asikie, nikamweleza mashini imemukataa.

"Papa," mama akasema, "sasa nani mukubwa, mimi ao wewe?"

Nikamwambia ni yeye. Wapakuaji wangu walikuwa mulangoni na walisikia, lakini nilisema tu.