Tulivyokwenda Likasi Kuusemea Mlango wa Mama Feza

Mnaoniuliza hapa Kambove ilikuwaje mwalimu mzima akafunga darasa na kupanda kamyo la makala, yaani lori la mkaa, sababu ilikuwa mlango. Mlango wenyewe ni wa jirani yangu, Mama Feza, mjane mshona nguo. Alfajiri moja kijana wa mtaani kwetu, Dido, aliingia kwake, akampiga kichwani kwa pasi na kuondoka na cherehani. Mimi nilikuwa uani kwangu nikiwasha mbabula, jiko langu la mkaa, nikaona yote. Mama Feza mwenyewe alipoteza fahamu, na mpaka leo hakumbuki kitu.

Hapo wakweze wakapata la kusema. Kijana aingieje alfajiri kwa mjane kama hakufunguliwa? Tulipowaonyesha mlango uliong'oka, wakasema kauvunja mwenyewe baadaye ili kuficha aibu. Wakataka atoke katika nyumba ya marehemu na awaache watoto. Niliwaeleza nilichokiona, lakini shemeji yake, Tata Mwansa, kaka wa marehemu, alinikata kauli.

"Mwalimu, weye ni rafiki yake," alisema. "Maneno ya ku mbabula hatukamate. Ile utasema mbele ya juge, njo tutakamata."

Akaamua kwenda nasi Likasi mahakamani asikie kwa masikio yake, maana ya mbele ya jaji tu ndiyo angeyakubali.

Asubuhi ya safari tulijikuta sote juu ya magunia ya makala: aliyeibiwa, shahidi, shemeji, jandarmu, yaani askari aliyemkamata Dido na cherehani, na mwizi mwenyewe akiwa amefungwa kamba mikononi. Miaka ile serikali haikuwa na gari wala petroli ya kumpeleka mtu mahakamani, kwa hiyo kila mwenye kesi alijitafutia njia, na njia ilikuwa moja. Hata hatujatoka Kambove, Dido akamgeukia Mama Feza.

"Mama, usogee kidogo. Hii bega inaniuma."

Mama Feza akasogea! Mimi nilikasirika hadi nikasahau sala ya safari. Aliyepasuliwa kichwa anampisha aliyempasua akae vizuri.

Njiani, baada ya kona ya kwanza, jandarmu alilala. Upepo ulipotaka kuchukua kofia yake, Dido aliidaka kwa mikono yake iliyofungwa na kumshikia. Kamyo lilipokwama matopeni tulishuka wote kusukuma, na jandarmu akamfungua Dido naye asukume. Alisukuma kwa mgongo, akilalamikia bega lake mpaka tukatoka. Mimi sikumsikiliza sana. Nilikuwa na kazi kubwa zaidi, kukariri ushahidi wangu kwa Kifaransa. Nilikuwa nimeutunga kwa ufundi, wenye vitenzi vya kung'aa, na nilitaka jaji ajue kwamba Kambove pia kuna watu waliosoma.

Mchana tuliingia Likasi. Jandarmu alikwenda na Dido gerezani, sisi tukashika njia ya mtaa wa Panda, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Huko tulipokelewa na Mama Kalenga, aliyekuwa karani wa mahakama mpaka mshahara ulipoacha kuja. Mahakama haikuwapa mashahidi kitanda wala sahani, basi parokia ilimwomba awalaze wanaotoka mbali kwa ajili ya kesi. Alitupa maji ya kuoga, bukari, ndiyo ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na mafundisho.

"Kesho muombe kukaa mbali na bantu ba Dido, batu bake," alisema. "Ni haki yenu. Kitu haujui, sema haujui. Na weye, Mama Feza, kama kichwa inakuuma, uombe kikalio, ukae. Hauko mwenye makosa pale."

Nami, ili wenyeji wajue wamempokea nani, nikasimama sebuleni na kuutoa ushahidi wangu wote kwa Kifaransa. Mama Kalenga alinisahihisha mara mbili, jambo ambalo sikulipenda. Lakini Mama Feza ndiye aliyenimaliza.

"Mwalimu," aliuliza polepole, "uko unasema nini juu yangu?"

Nilimtazama, kisha nikamtazama Tata Mwansa, aliyekuwa akitafuna. Naye hakuwa ameelewa hata neno moja. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mama Feza angekuwapo mahakamani, mbele ya macho yetu, na bado lake lisingekuwapo. Niliona haya.

"Sheria inakuachia useme luga yako," Mama Kalenga aliniambia. "Karani atatafsiri. Ni kazi yake."

Kesho yake mahakamani jaji aliniuliza kwa Kifaransa. Nilimeza vitenzi vyangu vyote, nikajibu kwa lugha ya nyumbani.

"Miye nilimuona Dido, Bwana Juge. Mulango ilikuwa ya kufunga. Mama hakufungula. Dido alipiga teke, mulango ikaanguka."

"Hapana, Mwalimu," Dido alidakia kutoka kwenye benchi lake, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Hapana teke. Niliipiga na bega. Ile mulango ilikuwa nguvu sana, bega inaniuma mpaka leo."

Jaji akaweka kalamu chini, akamtazama Dido, akaiokota tena na kuandika. Mama Feza alijifunika uso kwa kitenge na kulia. Nililia pia, sisemi uongo. Tata Mwansa alikuwa akitazama viatu vyake.

Tulirudi kwa kamyo lingine, safari hii bila Dido, aliyerudishwa gerezani. Bila cherehani pia, kwa kuwa mahakama iliibakiza kama kielelezo na kusema tutaitwa. Bado tunasubiri. Tata Mwansa sikumsuta njiani, ingawa ulimi uliniwasha.

Nilichojifunza ni kwamba shahidi hasemi na jaji peke yake. Anasema pia na yule aliyeumizwa, pamoja na wote wanaokwenda naye nyumbani. Kifaransa changu nimekirudisha darasani.

Kambove tulifika jua likizama. Tata Mwansa aliwaita ndugu zake uani kwa Mama Feza.

"Mulango ilivunjwa," aliwaambia. "Mwenye kuivunja alisema mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, misumari iko?"

Nilimletea misumari na nyundo, akaugonga mlango mwenyewe mpaka ukasimama. Walipoondoka, nilikuwa uani kwangu nikipuliza mbabula, nikamsikia Mama Feza akisukuma komeo kwa ndani.