Kilio Bila Maiti Sokoni Nchelenge

Aibu yangu naibeba mwenyewe: hata leo nikipita soko la samaki najifunika kitenge mpaka puani, maana wale wauzaji wakiniona tu wanaulizana, "Leo tunamlilia nani?"

Chanzo ni Nadège, msanii wa Lubumbashi aliyekuja Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi wa Kongo huku Zambia, kutufundisha performansi (neno lenyewe nililisikia siku hiyohiyo). Akasema si maigizo, huvai jina la mtu mwingine, unauweka mwili wako mbele ya watu, na wao wanamalizia kazi. Zamu yangu ilikuwa kuketi sokoni nionyeshe kungoja, nisiseme neno mpaka apige makofi. Kiti nilichopewa kikawa kimevunjika mguu, basi mimi na akili zangu nikatandika mkeka, nikavua viatu, nikafunga kitenge kiunoni, nikanyoosha miguu.

Jamani! Mwanamke akikaa chini hivyo kama mfiwa, kimya, nani atauliza kama ni sanaa? Mama mmoja Mbemba akaacha mizani yake, akanipa pole, "Mwaculeni mukwai," akaketi. Mwingine akaleta kuni, mwingine unga, wimbo ukaanza, nami (mwanafunzi mtiifu!) nimefumba mdomo. Mara Tantine Astrida, mdogo wa mama yangu, aliyekuja mjini kuuza mihogo, akatokea mbio analia.

"Mutoto yangu, nani alikufa? Juu ya nini haukunitumia hata mutu?"

Nikafungua mdomo niseme hakuna, likatoka jina la mama. Mama alifia njiani tulipokimbia vita, tukamzika upesi tukaendelea, hakuna aliyemkalia kilio hata siku moja. Nikalia kama mtoto, Tantine akaniangukia shingoni, na wale wamama ambao hawakumjua wakamlilia huku nzi wakijaa kwenye samaki zao. Nadège alisahau makofi, naye alikuwa mkekani.

Baadaye nikawaeleza ukweli, nikachekwa, nikatukanwa kidogo, nikarudisha unga. Mama wa mizani akaukataa.

"Beba tu. Mama yako si alikufa kweli?"

Naapa, kiti kikivunjika tena nitasimama. Lakini ule unga tuliupika bukari, ugali wa kwetu, mimi na Tantine, tukala chakula cha kilio cha mama kwa mara ya kwanza. Asanteni, wamama wa Nchelenge. Mlimzika mama yangu.