Kemshafti ya Mbio Kwenye Kilima cha Wakwe

Jamani, chekeni taratibu, maana aibu hii mpaka leo nikiisimulia masikio yananiwaka moto, na wakwe zangu wa Izigo wanaikumbuka vizuri kuliko mimi mwenyewe. Ni aibu ya siku ya harusi yangu, na chanzo chake ni chuma kimoja kisichozidi urefu wa mkono.

Mwingereza bado alikuwa anatawala, mimi nimerudi kutoka vitani na ujuzi wa udereva na ufundi, nina lori langu dogo kuukuu nabebea kahawa za watu kuleta Bukoba mjini, na siku nyingine natengeneza magari pale Rwamishenye pamoja na rafiki yangu Salum, ambaye baba yake alitoka pwani na ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika tangu azaliwe. Nikampenda Paulina wa Izigo, Paulina akanipenda, tatizo likawa baba yake, Mzee Kamugisha, kwa sababu kwake yeye mwanaume ni kibanja, ni migomba na mibuni, na anayekula kwa chuma ni mtu wa kuhurumiwa. Mwishowe alikubali, lakini mbele ya washenga aliniambia kwa sauti ya chini kabisa (na mzee wa Kihaya akishusha sauti na kuanza na neno la heshima ujue hatanii): "Waitu, siku hicho chuma chako kikiniaibisha, binti anabaki kwangu."

Mtu mwenye akili zake angesikia vile akaliacha lori lilivyo. Mimi nikaamua kuliongezea nguvu.

Ilikuwa hivi. Mzungu mmoja mpenda mbio alilipindua gari lake, akatuachia mabaki tuyafungue, na injini yake ilikuwa ndugu wa damu wa injini ya lori langu. Nilipoichomoa kemshafti yake nikakaa chini. Kemshafti, kwa asiyejua, ni fimbo ya chuma yenye nundu kama mayai, ikizunguka kila yai linasukuma valvu ifunguke, injini ivute pumzi, halafu lingine liitoe. Mayai ya lori langu yalikuwa manene na mafupi. Ya huyu Mzungu yalikuwa marefu, yamepanda, yanaifungua valvu juu sana na kuishikilia hivyo muda mrefu, nami nikayapapasa kwa kidole nikawaza kwamba kuna mtu mahali fulani amekaa na faili na akili yake, akaamua chuma kivute pumzi kama mwanariadha, na chuma kikatii.

Salum alisema, "Hiyo ya gari la mtu mmoja na kofia yake. Wewe unabeba ukoo mzima."

Nikamwambia ana wivu.

Tukaifunga. Ikiwa imesimama, injini ilitetemeka na kukohoa kama mgonjwa, lakini nilipoipeleka barabara ya tambarare na kukanyaga mafuta, kwanza haikufanya kitu, halafu ghafla ikaamka, ikaimba, sijui niwaambie vipi, ikaimba sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata kule vitani, na lori kuukuu la kahawa likaruka mpaka watu wa Rwamishenye wakatoka madukani. Nilisimamisha, nikashuka. Nilitamani kuvua kofia mbele ya ile injini, na siwadanganyi.

Asubuhi ya harusi nikaenda Izigo. (Najua, najua, kwa desturi bwana harusi haendi mwenyewe kuwachukua watu, lakini lori lilikuwa moja na dereva mmoja, na padri alikuwa anatusubiri Bukoba.) Mzee Kamugisha akakaa mbele pamoja nami, na kanzu yake nyeupe na fimbo. Nyuma wakapanda Paulina aliyefunikwa, mashangazi, wajomba, mikungu ya ndizi, vibuyu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mama mkwe wangu, aliyekaa akiwa amenipa mgongo, khanga mpaka machoni. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Hamli pamoja, hampishani kwenye njia nyembamba, na kumgusa ndilo jambo ambalo watu hawalisemi hata kwa mfano.

Mbele kuna kilima. Nilikuwa nimekipanda mara nyingi na magunia ya kahawa, lori likinguruma polepole kama ng'ombe mzee, bila wasiwasi. Siku hiyo tulifika chini yake, mwendo ukapungua, nikaingiza gia ya kwanza, nikakanyaga, na injini ikakohoa. Nguvu hakuna. Nikakanyaga tena, ikatema moshi kwenye kabureta, mlango wake wa pumzi, ikafa.

Hapo ndipo nilipoielewa ile kemshafti, nimekaa pembeni ya baba mkwe na jasho linanitoka. Valvu zinazofungwa kwa kuchelewa ni neema ukiwa kwenye mbio, maana pumzi inaingia kwa kasi na haisimami, inajisukuma yenyewe ndani. Lakini injini ikienda polepole, pistoni inapopanda valvu bado iko wazi, na pumzi yote iliyovutwa inarudi ilikotoka. Ile ile iliyonifanya nitamani kuvua kofia kwenye tambarare ndiyo iliyokuwa inaninyonga mlimani. Alichokipata Mzungu kwenye kasi ya juu alikilipia kwenye mwendo wa chini, na mimi kazi yangu yote ilikuwa huku chini.

"Imekuwaje?" akauliza Mzee Kamugisha.

"Imechoka kidogo, tata," nikamwita baba kwa Kihaya.

"Mbona juzi na kahawa haikuchoka?"

Nikavuta breki ya mkono, nikashuka kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu. Wakati ule ule lori likateleza nyuma hatua moja, wanawake wakaanza kushuka kwa haraka, mnyororo wa mlango wa nyuma ukafunguka, na mama mkwe wangu akaanguka. Sikufikiri. Nilinyoosha mikono nikamdaka, tukaenda chini wote wawili kati ya mikungu ya ndizi, khanga yake kichwani kwangu, rubisi ikitumwagikia.

Shangazi mkubwa akajifunika uso, akasema, "Amemkumbatia mama mkwe wake. Ndoa hii imekufa." Nikamwona Paulina ameinua kitambaa chake, ananitazama huku machozi yanamtoka. Mzee Kamugisha akashuka polepole, akapigilia fimbo yake chini, akasema, "Turudi nyumbani." Nilijisikia nimekufa nimesimama, kwa kweli.

Mama mkwe akajikung'uta vumbi, akafunga khanga yake vizuri, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake, maana kabla ya hapo hakuwahi kusema neno mbele yangu.

"Mkwe hanigusi," alisema. "Anayenidaka nikianguka ni mtoto wangu. Leo nimezaa. Sasa nani anamnyima mtoto wangu mke?"

Mzee akachukua mkungu mmoja akaubeba begani mwenyewe na kuanza kupanda kilima kwa miguu kuelekea kwa padri, na ukoo wote ukamfuata na mizigo.

Lori nililipandisha tupu, kinyumenyume, kwa sababu gia ya nyuma ndiyo yenye kuvuta kuliko zote, injini ikipiga kelele kama inachinjwa na pua ya lori ikiwatazama wakwe waliokuwa bado wanapanda kwa miguu. Huko juu tukapakia tena, na kwenye tambarare ikaimba vilevile, nzuri mpaka inatisha, na padri tulimkuta bado anasubiri.

Wiki iliyofuata niliirudisha ile ya mayai manene, na nikaapa kwamba kabla ya kuipa injini sifa nitauliza kwanza kilima. Salum alitaka kucheka, nikamzuia. Ila kuna jambo moja sikulijua siku ile nikiwa namshukuru Mungu barabarani. Mkwe akifika ukweni anapewa kiti, anachinjiwa kuku, hanyanyui hata jembe. Mimi si mkwe. Kila nikienda Izigo, kabla sijakaa, nasikia sauti ya mama kutoka kibanjani: "Mwanangu, umefika? Hebu njoo unibebee hii."